Mlima Ulioingia Bila Hodi

Juzi jioni binti yangu aliniuliza tofauti ya mhusika na mandhari katika hadithi. Ana mtihani wa Kiingereza wiki hii. Nilimjibu kama vitabu vinavyojibu: mhusika hutenda, mandhari ni mahali na wakati mambo yanapotokea. Akaridhika, akarudi kwenye daftari lake. Mimi nikabaki na swali, maana nililisikia hapahapa Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2002, na siku hiyo jibu halikuwa jepesi hivyo.

Volkano ya Nyiragongo ililipuka Alhamisi, tarehe 17 Januari. Tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, tukarudi, tukakuta katikati ya mji ni mawe meusi mpaka ziwani. Shule yetu ilikuwa chini ya mawe hayo. Tukapokelewa na shule nyingine ambayo lava haikuifikia, tukawa tunasoma mchana wenyewe wakishatoka. Tulikuwa mwaka wa sita wa sekondari, mtihani wa taifa unatungoja, vitabu vimeungua. Prof wetu wa Kiingereza akaamua turudie mambo ya msingi yote kwa kichwa: nyakati za vitenzi, kauli ya kutendwa, tashbihi, tashihisi (kukipa kitu sifa za mtu), mandhari, wahusika.

Mchana mmoja akauliza: tukiandika hadithi ya yale ya Januari, Nyiragongo itakuwa mhusika au mandhari?

Wengi tulisema mandhari. Mlima hauna nia, hausemi, uko palepale tangu babu zetu. Kijana mmoja akabisha: basi ni nani aliyegeuza kisa? Sisi tulikimbia tu! Kelele zikapanda, kila mtu na lake. Ndipo akasimama msichana wa mtaa wa Murara, ambaye tangu turudi hakuwa amefungua kinywa darasani. Akaenda ubaoni bila kuitwa, akaandika: *It enter our house without knock.*

Tukanyamaza wote. Prof akachukua kipande cha chaki, kifupi hata ilibidi akishike kwa ncha za vidole. Akainua mkono, akausimamisha hewani, akamtazama msichana, akautazama ubao. Vumbi la chaki lilikuwa limemjaa kwenye mkono wa shati. Mwishowe akaongeza *ed* kwenye kitenzi na *ing* kwenye neno la mwisho, kwa herufi ndogo kuliko za yule msichana, bila kufuta chochote.

"Hiyo ndiyo tashihisi," akasema. "Na ni nzuri sana. Isome."

Akasoma kwa sauti ya chini. Prof akamwomba arudie, na mara hiyo hata sisi wa nyuma tukasikia. Swali la mhusika na mandhari halikuulizwa tena siku ile. Tukahamia kauli ya kutendwa.

Rafiki yangu tuliyesoma naye anashikilia mpaka leo kwamba Prof alipaswa kuiacha sentensi ile kama ilivyo, kwamba kuna saa ya sarufi na kuna saa ya kusikiliza. Mimi naona alimheshimu. Mtihani ulikuwa unamngoja yeye kama sisi, na alistahili kulisema jambo lake kwa Kiingereza ambacho hakuna msahihishaji angekikata. Lakini mimi nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Himbi, na lava haikufika huko.