Dirite ndogo chini ya papiyo

Leo kwenye misa, wakati wa kupeana amani, niliuficha mkono wa kulia nikamtolea jirani yangu wa benchi ule wa kushoto. Akanitazama. Nikaona haya, nikautoa na wa kulia: kucha nyeusi, vidole vimepauka kwa esansi, yaani petroli.

"Mama Mwalimu, ulikuwa unabeba makala?"

Nilicheka mpaka mtoto wa benchi la mbele akageuka. Sikubeba makala, yaani makaa. Jana nilishinda garaji tangu saa mbili asubuhi hadi giza, nimeinamia kapo (boneti) iliyo wazi, na harufu ile haijatoka hadi sasa ninapoandika haya Jumapili jioni, ingawa nimeosha kwa sabuni ya unga, kwa limau na kwa mchanga.

Gari langu ni RAV4 ya 1997, usukani kulia kama mengi ya huku kwetu, injini ya 3S-FE ya lita 2. Limenipeleka kazini miaka tisa. Halikuwahi kuniacha njiani hadi mwezi uliopita, nilipokuwa narudi Bukavu kutoka Kamanyola na magunia mawili ya mchele wa bonde la Ruzizi. Watu wenye akili hupitia upande wa Rwanda, barabara ni ya lami na haina vituko. Mimi nilipitia Ngomo. Anayeujua mlima ule anajua ninachosema: ukuta mkono mmoja, shimo mkono mwingine, na lori likija mbele yako mmoja lazima arudi nyuma. Kona ya tatu au ya nne mshale wa joto ulianza kupanda. Kona iliyofuata ulikuwa umegusa nyekundu na mvuke unatoka pembeni mwa kapo. Nikasimama. Vijana wawili wakatokea sijui wapi, wakaweka mawe nyuma ya magurudumu kabla sijawaomba, wakanidai pesa kabla sijawashukuru.

Sikufungua kifuniko cha radiateri. Kitu kimoja nilichokifanya sawa siku ile ni hicho. Nilikaa juu ya jiwe hadi nikaweza kuishika dirite ya juu, ule mpira mnene wa maji ya radiateri, kwa mkono mtupu bila kuungua, ndipo nikafungua, nikamimina maji yangu ya kunywa, nikafika nyumbani usiku kwa mwendo wa jongoo.

Na huo ulikuwa nusu tu ya ugonjwa. Nusu ya pili ilikuwa ya zamani zaidi: ralanti, yaani injini inaponguruma bila kukanyagwa pedali. Nikisimama Nyawera kwenye msongamano, injini inapanda, inashuka, inapanda, inatetemeka kama mtu mwenye malaria, halafu kimya. Nyuma yangu honi. Nilikuwa nimeshabadilisha buji (plagi), nimebadilisha filtri ya hewa, nimewalaumu wauza esansi wa kando ya barabara, wale tunaowaita kadafi, kwamba wananichanganyia maji. Niliwasema vibaya sana. Nadhani wananidai msamaha, ingawa si wote.

Garaji ya kwanza niliyokwenda baada ya Ngomo walisikiliza dakika mbili wakasema jointi ya kulasi, yaani gasketi ya kichwa cha injini, imeungua. Dola 400, na wiki mbili. Mmoja akaniambia kwa upole, kama anayetoa pole ya msiba, kwamba gari la umri huu ni bora kuliuza vipandevipande. Sikubisha. Nililipeleka nyumbani, nikaliegesha, nikaenda kazini kwa miguu siku kumi. Hasira yangu haikuwa juu yao. Ilikuwa kwamba sikuwa na la kujibu.

Ni kaka yangu aliyenipeleka kwa muzee mmoja upande wa Kadutu, mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa waya. Hakuwasha injini kwanza. Alichomoa kijiti cha oili akakitazama kwenye mwanga. Akafungua kifuniko cha oili, akapitisha kidole ndani. Hakuna utando wa rangi ya maziwa, ule unaotokea maji yakiingia kwenye oili. Halafu akawasha, radiateri ikiwa wazi, akatazama maji muda mrefu. Hakuna mapovu, kwa hiyo jointi ya kulasi ilikuwa nzima.

"Mama Mwalimu, iyi gari haiyakufa," akasema. "Kuna mahali inakunywa na kuna mahali inatapika. Tutafute mahali inatapika."

"Lakini Muzee, chini hakuna hata tone. Kila asubuhi ninaangalia."

"Ndiyo maana."

Alimulika kwa tochi ya simu chini ya papiyo, pale hewa inapoingilia kwenye injini. Hapo, nyuma, mahali ambapo jicho halifiki bila shingo kuumia, kulikuwa na dirite mbili nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Moja ilikuwa na ukoko wa kijani na mweupe kwenye kolye, kile kibano chake. Maji yalikuwa yanatoka tone kwa tone na kuangukia chuma cha moto, yanageuka mvuke kabla ya kufika ardhini. Kilichobaki ni ule ukoko tu.

Watu huuliza maji yanatafuta nini kwenye papiyo, ambayo ni mlango wa hewa. Hata mimi niliuliza. Toyota walipitisha maji ya moto pale kwa sababu ya nchi zenye baridi kali, ambako unyevu wa hewa unaweza kuganda kuwa barafu pembeni mwa kile kisahani na kukizuia kisifunge. Bukavu hatuna barafu. Muzee alinipa njia ya mkato inayopendwa na mafundi wengi: achana na dirite hizo, unganisha bomba na bomba, maji yasipite tena papiyo. Ni dakika ishirini na dola moja. Nilifikiria, nikakataa. Sikuwa na hoja kubwa, ila gari hili limeshakatwa njia nyingi za mkato na kila moja nimeilipia baadaye. Akatabasamu, akasema basi papiyo lazima ishuke.

Sasa niseme jambo linaloniuma kama mwalimu. Ninafundisha kemia. Kila mwaka ninaandika ubaoni kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, na kwamba hapa kwetu, karibu mita 1,500 juu, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Wanafunzi wanapenda, kwa sababu inaeleza kwa nini maharage yanachelewa kuiva. Halafu ninawaeleza sufuria ya presha. Miaka yote hiyo nimeendesha sufuria ya presha na sikuitambua. Kifuniko cha radiateri yangu kimeandikwa 0.9, yaani kinashikilia presha ya kama bari 0.9 juu ya ile ya hewa, na kwa presha hiyo maji ya huku hayachemki hadi kama nyuzi 116. Termostati, mlango unaoruhusu maji kwenda kwenye radiateri, hufunguka kwenye 82. Kati ya 82 na 116 kuna nafasi ya kutosha kupanda mlima na mchele wako. Lakini dirite ikivuja presha haijengeki, na nafasi ile inakuwa nyuzi kumi na tatu tu. Ngomo inazila kwa kona tatu. Yote hayo nilikuwa nayo kichwani, nimeyasahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye madaftari mamia.

Jana asubuhi nilipita sokoni Kadutu kununua vipuri. Muuzaji alitaka kunipa mpira mmoja kwa kila kitu, "dirite ni dirite, Mama." Hapana. Mpira wa maji ya moto ni wa aina inayovumilia joto na mvuke lakini inachukia oili. Mpira unaovumilia oili ni mwingine. Nilijua hilo vitabuni. Garaji nililiona kwa macho. Kuna dirite inayotoka kwenye kifuniko cha injini na kurudisha pumzi ya oili kwenye njia ya hewa, ili injini iichome badala ya kuitupa nje. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameweka pale kipande cha dirite ya maji. Tulipokichomoa kilikuwa kimevimba na kulainika kama mkate uliolowekwa kwenye chai, na upande wa chini kimepasuka kwa urefu wa ukucha. Kwa ufa ule injini ilikuwa inavuta hewa ya pembeni, isiyopita njia yake. Hiyo ndiyo malaria ya Nyawera, au sehemu yake.

Sehemu nyingine ilikuwa ndani ya papiyo. Muzee aliitoa kwa subira, akaniwekea mikononi. Ni bomba fupi la alumini na kisahani cha duara katikati, kinachozunguka ukivuta kebo ya pedali. Kwa nje ni kitu cha kawaida. Ndani, nyuma ya kisahani, kulikuwa na kitu kama lami: mvuke wa oili wa miaka mingi umekutana na vumbi letu jekundu, ukapikwa. Gari likiwa ralanti kisahani kimefungwa karibu kabisa, na hewa inapita kwenye uwazi mwembamba na kijia cha pembeni. Uwazi ule ulikuwa umezibwa. Injini ilikuwa inapumua kupitia tundu la sindano.

Nilisema nitaisafisha mwenyewe. Mwanafunzi wake, kijana wa miaka kumi na saba hivi, alitaka kuninyang'anya kwa adabu. "Mama, utajichafua." Muzee akamwambia aniache. Tulikuwa na kopo moja la dawa ya kupuliza, dola tano, na esansi kidogo ndani ya bidoni iliyokatwa, na mswaki wa zamani. Hakuna bisibisi, hakuna msasa, kukwaruza alumini ni kuitengenezea uchafu makao mapya. Pembeni kuna kipande cha plastiki chenye waya kinachomwambia kompyuta kisahani kiko wapi. Hicho hakitakiwi kulowa, nikakielekeza juu muda wote kama mtoto anayeoshwa kichwa na hataki maji yaingie masikioni. Saa nzima. Esansi ilitoka nyeusi, kisha kahawia, kisha ikatoka kama ilivyoingia. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilitumia saa nzima kwa kitu kimoja bila simu kuita.

Wakati huo Muzee alikata jointi mpya kutoka karatasi ya jointi kwa kuigongagonga kwa nyundo ndogo juu ya chuma chenyewe, hadi kingo zikajichora. Dirite zilizoganda hakuzivuta. Alizipasua kwa wembe kwa urefu, zikafunguka kama ganda la ndizi. Ukivuta kwa nguvu unavunja bomba, akasema, na bomba haliuzwi Kadutu. Dirite kubwa ya juu, ambayo mimi ningeapa ni nzima, aliibonyeza karibu na sikio langu. Ikalia kama majani makavu. Kwa nje ilikuwa inang'aa. Ndani ilikuwa na nyufa kama udongo wa kiangazi.

Tulipowasha, ralanti ikaruka hadi karibu 1,500 na kubaki huko. Nikaogopa. Muzee akacheka kwa mara ya kwanza siku nzima. Akanionyesha skrubu ndogo inayozuia kisahani kisifunge kabisa: mtu alikuwa ameikaza ndani mizunguko kadhaa ili kuinyanyua ralanti juu ya uchafu. Uchafu ukiondoka, uongo wa skrubu unabaki wazi. Aliirudisha robo kwa robo, sikio likiwa karibu na injini, hadi mshale ukatulia kwenye 750. Hautetemeki. Nilitoka nje ya garaji nikarudi, bado 750.

Maji niliyoleta nyumbani yalikuwa ya mvua, nimeyachuja kwa kitambaa. Mvua tunayo ya bure, na haina chumvi zile zinazoacha ukoko ndani ya birika. Nusu yake, nusu likido ya kijani ya radiateri. Tulijaza polepole, kifuniko wazi, hita imewashwa kwenye moto wote ingawa tulikuwa tunatoka jasho, kijana anabonyeza dirite ya juu na hewa inatoka kwa vicheko vidogo vya mapovu. Feni ilipowaka mara ya pili Muzee alifunga kapo.

Dola 46 kwa yote, kazi na vipuri. Nilitaka kumwongezea akakataa, akaomba badala yake nimwandikie kwenye karatasi zile namba za maji na mlima, 95 na 116. Aliikunja akaiweka ndani ya kofia yake.

Mchana huu, baada ya misa, nilipanda na kushuka vilima vya mji mara tatu bila kazi yoyote, nikichoma esansi ya watu. Mshale ulikaa chini kidogo ya katikati kama umepigiliwa msumari.

Kesho saa ya pili nina darasa la kemia. Dirite tatu za zamani ziko ndani ya mfuko mezani: ile kubwa yenye nyufa ndani, ile yenye ukoko, na ile iliyolowa oili ambayo ukiibonyeza inabaki na alama ya kidole. Binti yangu ameniomba nisiuache mfuko huo karibu na mikate ya asubuhi.