Usiikatae Polterabend

Wajerumani wana mkesha wa harusi unaoitwa Polterabend, na nawaomba Watanzania wenzangu mnaooa na kuolewa huku Ujerumani msiukatae. Najua wengi mnaukwepa. Mama mmoja wa kwetu aliniambia hawezi kuruhusu vyombo vivunjwe mbele ya mwanawe ndoa ikiwa mlangoni, huo ni uchuro. Namwelewa kabisa. Kwetu sahani ikipasuka shughulini, watu huguna.

Lakini tazameni kinachofanyika. Jioni hiyo majirani, jamaa na wafanyakazi wenzao maharusi hufika na sahani kuukuu, vikombe vilivyokatika mikono na vyungu vya maua, wakavibamiza chini mbele ya nyumba. Kwenye harusi ya wifi yangu, kijijini huko jimbo la Niedersachsen, mjomba mtu alileta sinki la choo kwenye tela la trekta. Kishindo chake kilisikika hadi barabarani. Kinachovunjwa ni vyombo vya udongo na kauri tu. Glasi haiguswi, na kioo cha kujitazamia ndiyo kabisa, kwa kuwa hata wao huhesabu vipande vyake kuwa nuksi.

Asili yake husimuliwa kwamba makelele hufukuza pepo wabaya. Huenda. Mimi nathamini zaidi kinachofuata: bibi na bwana harusi hupewa mfagio na koleo, wakafagia wenyewe huku watu wote wanawatazama. Wakikaribia kumaliza, anatokea mtu na kumwaga ndoo nzima ya vigae, nao wanaanza upya. Wifi alishika mfagio, mumewe koleo. Walipomwagiwa tena wakabadilishana vifaa bila kuambiana, na bibi wazee waliokaa benchini wakapiga makofi. Walikuwa wanalingojea hilo.

Siku ya ndoa yenyewe maharusi huwekewa gogo la kukata na msumeno wa kushikwa na watu wawili. Mmoja akisukuma wakati mwenzake hajavuta, bapa linapinda na kukwama. Somo wangu wa Tanga alinifunda hayohayo kwa maneno, chumbani, wanawake peke yetu. Hawa wanayatenda uani, na mume yumo. Ningependa kuona na sisi tunamwingiza mume namna hiyo.

Halafu kuna suala la mlango. Kwa desturi Polterabend haina kadi. Habari hupita mdomo kwa mdomo, na aliyesikia anakuja na chombo chake. Sisi tuna kamati, ahadi za michango, kadi za single na double, na kijana mlangoni anayekagua. Sisemi michango ni mibaya, ndiyo iliyonioza mimi. Ila nawajua watu waliokosa harusi ya mtoto waliyemlea kwa sababu mwezi huo hawakuwa na kitu. Kwenye mkesha wa huku, mtu wa namna hiyo ana nafasi yake.

Si kila desturi ya Kijerumani naipenda. Kule Bavaria kuna kuiba bibi harusi: marafiki wanaondoka naye katikati ya sherehe, wanazunguka baa, bwana harusi anawasaka na kulipa walichokunywa. Huelezwa kuwa ni kumbukumbu ya makabaila waliodai usiku wa kwanza na kila bibi harusi, ngano ambayo wanahistoria wengi hawaikubali. Ukumbi unapoa, wazee wanabaki kutazamana.

Yote haya yana uzito zaidi ukijua ndoa ya huku inavyofungwa. Tangu Januari 1, 1876, kwa sheria iliyopitishwa enzi za Bismarck, ndoa inayotambuliwa Ujerumani nzima ni ile inayofungwa mbele ya msajili wa serikali, kwenye ofisi iitwayo Standesamt. Hadi mwisho wa 2008 kanisa halikuruhusiwa hata kufungisha ndoa kabla ya msajili huyo. Shughuli ya ofisini ni fupi: hotuba kidogo, ndiyo mbili, sahihi. Jamii huipata ndoa nje ya ofisi hiyo, kwenye vigae na kwenye gogo.

Kwa hiyo mkishapangiwa tarehe na msajili, tengeni na jioni moja ya uani. Sahani kuukuu zinapatikana kwa bei ya chini kwenye masoko ya mitumba. Tayarisheni mfagio mgumu, ndoo za chuma na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu vigae vya kauri vinakata vibaya.