Daftari la miraba: nilivyoifuatilia mimba zabibu iliyotoboa kizazi

Mimba yangu ya pili ilipofika wiki ya 11 nilianza kutokwa na damu ya rangi ya kahawia, huku nikitapika asubuhi, mchana na jioni, na tumbo likiwa limeupita umri wa mimba kiasi cha wifi yangu kunitania kwamba nimebeba mapacha. Ultrasaundi haikuonyesha mtoto wala mapigo ya moyo. Ilionyesha vifuko vingi vidogo vyenye maji, vimeshikana kama kichala, nami hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu huiita mimba zabibu.

Siku iliyofuata nilisafishwa kizazi kwa mashine ya kufyonza. Daktari alinieleza kwamba katika aina yangu yai lisilo na vinasaba vya mama hurutubishwa na mbegu ya baba, hivyo vinasaba vyote huwa vya baba na kinachokua ni tishu ya kondo la nyuma peke yake. Mume wangu alisikiliza kimya. Nyumbani, mama mkwe alipoanza kuulizia nani kanifanyia jambo hili, ni yeye aliyemjibu, "Mama, tusimtafute mchawi, ni yai tu," na mjadala ukaishia hapo.

Niliagizwa kupima damu kila wiki, kipimo cha homoni ya ujauzito ambayo maabara huiandika hCG. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Morogoro, kwa hiyo nilichukua daftari la miraba nikachora jedwali. Kabla ya kusafishwa nilikuwa na uniti 212,000, kisha zikaja 48,000, 9,600, 2,150 na 640. Mstari ulikuwa unashuka vizuri, damu ilikuwa imekata, na nauli pamoja na gharama ya kipimo vilikuwa vinauma. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, umeshapona, pumzika." Nikapumzika wiki tatu. Miraba ile mitatu imebaki mitupu hadi leo, na kila nikilifungua daftari macho huanzia pale.

Wiki ya tatu kichefuchefu kilirudi. Nilinunua kipimo cha mkojo kwenye duka la dawa, kikatoa mistari miwili, na nyumbani wakaanza kunipongeza. Mimi nilishtuka, kwa kuwa nilikuwa natumia vidonge vya uzazi wa mpango. Niliambiwa nivitumie kwa sababu mimba mpya huipandisha homoni ile ile, na hapo daktari hawezi kujua kama kinachopanda ni mtoto au ni ugonjwa.

Kabla sijaenda maabara, usiku wa kuamkia Jumapili nilishikwa na maumivu makali ya tumbo, na kila nilipojaribu kulala chali bega la kulia lilichoma kana kwamba limechomwa sindano. Baadaye niliambiwa kwamba damu iliyomwagika ndani ya tumbo ilikuwa inausumbua msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na maumivu yake husikika begani. Nilifika hospitali nikiwa mweupe kama karatasi. Homoni ilikuwa 18,400. Tumbo lilipofunguliwa, madaktari walikuta uvimbe wa rangi ya zambarau sehemu ya juu ya kizazi, umetoboa ukuta hadi nje. Waliukata, wakashona, wakaniongezea damu, na kizazi wakakiacha. Maabara ilithibitisha kwamba vifuko vya zabibu vilikuwa vimejichimbia ndani ya msuli wa kizazi. Picha ya kifua ilionyesha vivuli viwili vidogo kwenye pafu la kulia, ingawa sikuwa nimekohoa hata mara moja.

Nilihamishiwa Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam. Ugonjwa huu hupewa alama kulingana na umri, kiwango cha homoni, ukubwa wa uvimbe, ulikosambaa na mengineyo. Alama 0 hadi 6 ni hatari ndogo, na 7 kwenda juu ni hatari kubwa inayohitaji dawa kadhaa kwa pamoja. Mimi nilipata 4, nikaanzishiwa dawa moja tu ya saratani, methotreksati. Daktari alinitia moyo kwa kuniambia kwamba dawa hiyo ilianza kuleta matokeo kwa saratani za kondo la nyuma mwaka 1956, mikononi mwa Min Chiu Li na Roy Hertz nchini Marekani.

Nilichomwa sindano siku ya 1, 3, 5 na 7, na siku za katikati nikameza vidonge vya asidi ya foliniki ili kuukinga mwili. Muuguzi aliniuliza, "Mama, una vidonge vyovyote kwenye mkoba?" Nikatoa vile vya kliniki ya wajawazito, vya madini ya chuma na asidi ya foliki, nilivyokuwa naendelea kuvimeza ili nirudishe damu. Alivichukua. Majina yanakaribiana, lakini asidi ya foliki inaweza kuipunguzia methotreksati nguvu, ilhali ile ya foliniki hutolewa kwa saa na kipimo maalumu.

Wiki ya sindano nililala kwa shangazi yangu Temeke, kisha narudi Morogoro wiki moja, na hizo wiki mbili ndizo mzunguko mmoja wa matibabu. Mzunguko wa pili ulinitoa vidonda kinywani. Nilisukutua kwa maji ya chumvi na kunywa uji uliopoa usio na ndimu. Daftari liliendelea: 12,600 kabla ya sindano ya kwanza, kisha 2,900, 410, 38, na baada ya mzunguko wa nne, chini ya 5. Nilidhani nimemaliza, kumbe walitaka mizunguko mitatu zaidi kwa ajili ya mabaki yasiyoonekana kwenye kipimo. Nilinung'unika, nikaimaliza. Picha ya mwisho ya kifua ilikuwa safi.

Ukafuata mwaka mzima wa kupima kila mwezi na kuzuia mimba, na safari hii sikuruka mraba hata mmoja. Sasa nina mimba ya wiki 22, mtoto alionekana kwenye ultrasaundi tangu wiki ya 7, na nitazaa kwa upasuaji kwa sababu ya kile kidonda cha juu ya kizazi. Homoni itapimwa tena wiki 6 baada ya kujifungua. Safu yake nimeshaichora.