Mbili jumlisha mbili

Juzi mwanangu kaniuliza, baba, saa kumi ukiongeza masaa matano mbona inakuwa saa tatu, kumi na tano imeenda wapi? Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana alinikumbusha yule binti wa dawati la nyuma na ule mtihani wa kwanza niliowatungia wanafunzi wangu wa aljebra dhahania.

Swali lilikuwa dogo tu, la maksi nne: je, Z3 ni grupu dogo la Z6? Z6 ni namba 0 mpaka 5 zinazojumlishwa kwa kuzunguka kama saa, ukifika 6 unarudi 0; Z3 ni 0, 1, 2, ukifika 3 unarudi 0. Na grupu dogo ni memba wa grupu kubwa ambao ukiwajumlisha kwa kanuni ya lile kubwa, jibu linabaki kwao. Wengi wakaandika ndiyo, kwa sababu 3 inaigawa 6, Lagrange yule mwanahisabati kasema. Masikini Lagrange, kafariki 1813 hata neno grupu lenyewe mwanahisabati mwenzake Galois hajalileta, halafu anasingiziwa hivi. Theoremu yake inasema ukishakuwa na grupu dogo basi idadi ya memba wake inagawa idadi ya memba wa grupu kubwa, haisemi kinyume chake, na A4, grupu jingine lenye memba 12 bila grupu dogo la memba 6, nilishawachorea ubaoni mpaka chaki ikaisha. Basi wote sifuri, nikapeleka maksi, nikalala.

Kesho yake yule binti akaja na karatasi yake. Hakuja kuomba maksi, alitaka kujua kosa liko wapi. Nikampa chaki. Akaandika 0, 1, 2. Nikamwambia haya, jumlisha 2 na 2. Akaandika 1. Akaiangalia. Akaifuta kwa kiganja, akaandika 4. Akafuta tena. Alisimama pale na vumbi la chaki mkononi sijui dakika ngapi, mimi mdomo unaniwasha nimsaidie ila nikajikaza, mara akageuka akaniuliza taratibu, "Mwalimu, kwani hapa tuko wapi, kwenye Z3 au kwenye Z6?"

Jamani. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kwenye karatasi zote zile na sikuliona. Tukiwa Z6 inatoka 4, na 4 haimo kwenye 0, 1, 2, kwa hiyo imeshavunjika hapo hapo. Grupu dogo la kweli la memba watatu, 0, 2, 4, akalipata mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Kwenye rekodi bado ana sifuri, maksi zilishaenda, na kusema kweli sikuhangaika kuzifuatilia.

Mwaka uliofuata nikajifanya mjanja, nikajua Z6 wameshaikariri kutoka pepa la zamani, nikauliza kama Z4 ni grupu dogo la Z8. Wakaandika karibu wote: hapana, kwa sababu 2 + 2 = 4. Na ni sahihi! 4 haimo kwenye 0, 1, 2, 3. Nikasahihisha rundo zima najiuliza huyu kaelewa au kakopi jibu la mwaka jana, na kila mmoja nikampa nne yake.

Mwanangu bado anaidai kumi na tano yake. Nimemwambia akamuulize mama.