Vuta pumzi, toa, bana

Kabla ya kumwingiza mgonjwa kwenye mashine ya MRI kwa ajili ya kipimo cha mishipa ya figo, mimi humfundisha kwanza kubana pumzi, kwa sababu figo haitulii: hushuka mtu anapovuta pumzi na kupanda anapoitoa, ilhali mshipa tunaoutafuta una upana wa milimita 5 au 6 tu.

Hivi karibuni alikuja dada wa miaka thelathini na kitu ambaye presha yake ilikuwa haishuki licha ya dawa tatu. Kwa umri huo daktari hakushuku sana mafuta yanayoganda kwenye mdomo wa mshipa, kama inavyotokea kwa wazee na wavutaji sigara, bali hitilafu ya ukuta wa mshipa wenyewe, ambayo huwapata zaidi wanawake na kuufanya mshipa uonekane kama shanga zilizotungwa. Kwa vyovyote vile, figo inayokosa damu ya kutosha hudhani kuwa mwili mzima umepungukiwa, ikatoa kemikali iitwayo renini, na presha ikapanda. Harry Goldblatt alilithibitisha hilo kwa mbwa mwaka 1934.

Kreatinini yake, kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, ilikuwa nzuri, jambo ambalo hatulipuuzi tangu mwaka 2006, gadolinia, dawa inayodungwa ili mishipa ionekane vizuri kwenye picha, ilipohusishwa na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zimechoka sana. Dawa ilipoingia nikamwambia, "Dada, vuta pumzi, toa, bana." Kabla sekunde hazijatimia akakohoa, na picha za mishipa ya pande zote mbili zikatoka na mawimbi ambayo mtu mwenye haraka angeyaita shanga.

Hatukumwongezea dawa. Tulirudia kwa njia isiyoihitaji, ambayo mashine hufuata pumzi ya mgonjwa na kuchukua picha anapomaliza kuitoa. Mawimbi ya kulia yakatoweka. Ya kushoto, katikati ya mshipa, yakabaki.

Hata hivyo, sikuiona picha hiyo kuwa hukumu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2004, uliohusisha wagonjwa 356, ulionyesha kuwa MRI ilinasa asilimia 62 tu ya waliokuwa na tatizo, na CT-scan asilimia 64. Mashine zimeboreka tangu wakati huo, lakini shanga ndogo bado huziponyoka, kwa hiyo daktari aliomba kipimo cha kupitisha mrija kwenye mshipa, ambapo puto la kuutanua linaweza kutumika papo hapo.

Akifunga viatu, dada aliniuliza kama ni kikohozi kilichomletea ugonjwa. Nilimwonyesha picha zote mbili.