Jengo la Zamani la Entebbe, Aprili 1979

Brigedi ya 208 ya jeshi la Tanzania ilipouteka uwanja wa ndege wa Entebbe, Uganda, tarehe 7 Aprili 1979, katika vita dhidi ya Idi Amin, nilikuwa askari wa miaka 22, mzaliwa wa Bukoba, na huenda katika kikosi chetu ni mimi peke yangu niliyeujua uwanja ule kabla ya kuuona. Baba yangu, mwalimu, alisoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1952 yeye na wenzake walikwenda Entebbe kuitazama Comet, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, iliyotua pale katika safari zake kati ya London na Johannesburg. Kisa hicho alitusimulia jioni nyingi: jinsi watu walivyojaa barazani, wengine wamevaa kanzu zao za sikukuu, wakiwapungia mikono abiria wasiowajua. Hakuacha kutukumbusha kwamba Februari ya mwaka huohuo Elizabeth aliondokea hapo kurudi Uingereza, baada ya kupata habari akiwa Kenya kwamba baba yake amefariki na kwamba sasa yeye ndiye malkia.

Alasiri ile sajini alitutuma watu wanne kwenda kulikagua jengo la zamani la abiria la uwanja huo. Njiani tuliyapita mabaki ya C-130 ya Libya, ndege ya mizigo iliyopigwa kombora ikijaribu kuruka. Sitaeleza kwa kirefu tuliyoyaona pale. Wengi wa waliokufa walikuwa vijana wa rika letu, walioletwa kumtetea nduli katika nchi isiyo yao.

Jengo lenyewe lilikuwa dogo kuliko nilivyokuwa nikilifikiria. Abiria walikwisha kuhamishiwa jengo jipya, na hili likabaki mikononi mwa jeshi la anga la Amin, lililoegesha MiG zake, ndege za kivita, jirani. Humo ndimo walimofungiwa mateka wa ndege ya Air France iliyotekwa nyara mwaka 1976, hadi usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, makomandoo wa Israeli walipowaokoa 102 kati yao na kuziteketeza MiG kadhaa. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa bado na matundu ya risasi za usiku ule.

“Bwana mdogo, usiguse kitu, hatujui wametega nini,” sajini aliniambia aliponiona nimesimama mlangoni.

“Ndiyo, afande,” nikajibu, lakini sikuondoka. Juu ya kaunta, mahali ambapo bila shaka wasafiri walipimiwa mizigo, yalipangwa makasha ya risasi. Hayo ndiyo yaliyoniumiza kuliko yale matundu, kwa sababu matundu yalitobolewa katika mapigano ya usiku mmoja, ilhali makasha yaliingizwa humo kidogokidogo, mchana, na watu waliokwisha kuamua kwamba mahali pale hapatawahusu tena raia.

Niliporudi nyumbani, baba hakuniuliza lolote juu ya mapigano. Aliuliza kama ile baraza waliyosimama kuitazama Comet ingalipo. Nilimwambia ipo, kisha nikamweleza habari ya makasha. Alinyamaza kwa muda, halafu akaanza kukisimulia kisa cha ile ndege tangu mwanzo, kana kwamba sijapata kukisikia, nami nikamsikiliza hadi akamaliza.