Sosi imepotea? Usikubali kuandikiwa programu upya kabla faili haijafunguliwa

Kuna mchezo nauona sana hapa Mombasa na unaniudhi wallahi. Mtu ana duka, kijana wa mtaani alimuandikia programu ya stoki na risiti zamani hizo, kijana keshahamia Oman, laptopu iliyokuwa na sosi kodi (yale maandishi ya programu kama alivyoyaandika mwenyewe) imekufa hadidiski, sasa mwenye duka anataka kibadilishwe kitu kidogo tu, anaenda kwa fundi mwengine anaambiwa "haiwezekani, sosi hakuna, tuandike upya", na bei anayotajiwa utadhani ananunua tuktuk. Na hiyo faili ya .exe, yaani programu yenyewe inayoendeshwa dukani, fundi hata hajaigusa!

Cha kuuliza kwanza ni programu iliandikwa kwa lugha gani. Ikiwa ni Java ama hizi za dotineti kina C# na VB.NET, kilio chote hicho ni cha bure, kwa sababu zikikompailiwa (yaani sosi ikigeuzwa iwe programu ya kuendeshwa) haziendi moja kwa moja kwenye lugha ya mashine, zinaishia lugha ya kati, na majina ya klasi na funksheni yanabaki mule ndani. Chukua faili ya .jar, ndiyo programu ya Java yenyewe, ibadilishe jina iwe .zip, inafunguka, na kila faili ya .class ndani yake ukitazama baiti zake nne za mwanzo utakuta CAFEBABE. Zitie kwenye CFR ama JD-GUI zinarudi Java ya kusomeka. Dotineti tumia ILSpy, Android tumia jadx, na zote hizo ni bure. Isipokuwa mwenyewe aliivuruga makusudi kwa kitu kama ProGuard, hapo utakuta klasi inaitwa a, nyengine b, na kichwa kitakuuma.

C na C++ ndiyo habari nyengine. Kuna Ghidra, ile ambayo NSA, shirika la ujasusi la Marekani, iliitoa bure 2019, kazi yake nzuri lakini inakurudishia kitu mfano wa C, funksheni zinaitwa FUN_00401a30 na variabo (majina yanayobeba thamani) ni iVar1, uVar2, na we ndo ukae uzipe majina moja moja. Hapo fundi akitaja bei kubwa nitamuelewa.

Sasa mwaka 2020 serikali ikashusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14, kuanzia tarehe 1 Aprili. Kuna ami mmoja anauza spea karibu na Mwembe Tayari, programu yake ni ya VB.NET na 16 imeandikwa ndani kwa ndani, hakuna pa kuibadilisha. Nikaipitisha ILSpy. Kwanza imeandikwa VB imerudi C#, sawa, hiyo si neno. Variabo za ndani ya funksheni zote zimekuwa num, num2, text, flag, kwa sababu majina yale yanakaa kwenye faili ya .pdb na haikuwepo. Pale kijana aliyeiandika alipolinganisha maneno mawili kwa alama ya = tu pamekuwa Operators.CompareString mstari mzima. Na kila alipoweka On Error Resume Next, yaani kosa likitokea lipuuze uendelee (alikuwa akiipenda huyu!), funksheni imerudi rundo la goto, ruka hapa ruka pale, halifuatiki, hizo nilizisoma taratibu nikaziandika mwenyewe.

Lakini VAT yenyewe ndo ilikuwa kazi. Aliiweka kama konstanti, yaani thamani iliyopewa jina na isiyobadilika, na konstanti ikikompailiwa thamani yake inapachikwa kila inapotumika, jina linabaki kwao huko. Kwa hiyo 0.16 iko kwenye mauzo, iko kwenye spea zinazorudishwa, iko kwenye ripoti, halafu kuna 1.16 pale anapotoa VAT ndani ya bei, yaani kitu cha 1,160 VAT yake ni 160. Na kuna 0.16 nyengine ambayo ni upana wa safu kwenye risiti! Ungebadilisha zote kwa mkupuo risiti ingetoka imepinda na usijue kwa nini. Zote nikazivuta kwenye faili moja ya setingi, nikakopi databesi, nikaendesha ya zamani na mpya kwa mauzo yale yale, mpya kwanza ikiwa bado kwenye 16, mpaka zikafanana senti kwa senti, ndo nikaiweka 14. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ikarudi 16 na ami akabadilisha mwenyewe, hata hakunipigia.

Kisichorudi kamwe ni komenti. Kompaila inazitupa zote, kwa hiyo unaona programu inafanya nini lakini sababu huioni. Nilikuta mstari unasema mteja akiwa nambari 47 basi deni lake lisitokee kwenye ripoti. Nikajua hapa kuna wizi. Nikamuuliza ami kwa adabu, "Ami, huyu 47 ni nani?" Akacheka mpaka akakohoa. "Huyo shemeji yangu, mwanangu. Mke wangu ndo anayesoma hizo ripoti. Hebu iwache hivyo hivyo."

Nikaiwacha, ila juu yake nikaandika komenti: usifute, muulize mwenye duka, na usimuulize mbele ya mkewe.